Tangi la Ami: kisa cha mimea ya majini iliyokataa kuishi Tudor

Tangi lenyewe ni la futi tatu. Limekaa sebuleni, ghorofa ya kwanza, katika nyumba moja ya Tudor kisiwani Mombasa, ubavuni mwa dirisha linalotazama mashariki. Ukilipima ni sentimita 90 kwa 40 kwa 45, na ukitoa mchanga na ile nafasi inayoachwa juu, hubeba kama lita 130. Ndani mna gapi wasiohesabika, moli weusi, na samaki mmoja wa kunyonya vioo. Wote wazima. Mwenye tangi ni mzee mstaafu wa bandarini ambaye mtaa mzima humwita Ami, nami namwita hivyo hivyo.

Lalamiko lake alilitoa hata sijaketi vizuri.

“Mwanangu, samaki si tatizo. Samaki wazaa mpaka nawagawa. Ni hii mimea. Nikitia yafa, nikitia yafa. Nalidhani duka laniuzia mibovu, nikabadili duka. Ikafa vile vile.”

Mtu akilia namna hii, jawabu la haraka huwa ni kwamba hatunzi. Ami anatunza. Kioo chake hakina doa, filta yake huoshwa, na maji hubadilishwa kila Ijumaa asubuhi kabla hajaenda msikitini. Alitunza hata akapitiliza, na vifo vingi vilitokea humo humo ndani ya utunzaji. Ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa kirefu: hakuna uzembe wa kusingizia, kwa hiyo inabidi kutafuta sababu za kweli.

Kilichokufa, na namna kilivyokufa

Nilimtaka kwanza anitajie alichowahi kununua. Kabomba, zaidi ya mara moja. Ludwigia nyekundu. Rotala. Zile nyasi fupi za kutandaa chini, alizoziona kwenye picha za matangi ya Kijapani. Mwisho anubiasi mbili, kwa kuwa aliambiwa hizo haziuliki.

Hizo picha zimetia watu wengi hasara. Mtindo wake ulienezwa na Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeishi kutoka 1954 hadi 2015, na uzuri wake haukanushiki. Lakini chini ya yale matangi mna mtungi wa kaboni dioksaidi, maji laini, taa kali na mkasi unaopita kila mara. Picha hupigwa siku tangi lilipofika kilele. Mtu wa Mombasa huiona kwenye simu akadhani ni suala la kununua mimea ile ile na kuipanda.

Namna mmea unavyokufa husema mengi, na watu huipuuza wakaenda moja kwa moja kwenye dawa. Kabomba ilipukutisha majani yake membamba yote mpaka sponji ya filta ikaziba. Ludwigia ilianza kwa majani ya chini kuwa meusi, kisha shina likawa laini na la kupenyeza mwanga. Ncha zake zilipotoa majani mapya, yalitoka ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nyasi za kutandaa hazikuoza. Zilifunikwa na mwani wa nyuzinyuzi mpaka zikawa hazionekani.

Anubiasi moja ilikuwa bado mle ndani nilipofika. Nikaivuta. Ilikuja mkononi bila mzizi hata mmoja kushika. Lile shina nene linalolala, ambalo majani huota juu yake, lilikuwa limezikwa mchangani vidole vitatu au vinne, limelainika, na nilipolibonyeza likatoa maji ya kahawia yenye harufu ya yai viza. Hii haikuuawa na maji wala na taa. Anubiasi kwao, Afrika Magharibi na ya Kati, huota imeshikilia mawe na magogo kandokando ya vijito. Mizizi yake ukiizika si neno, lakini shina likizikwa linaoza. Duka halikumwambia Ami, na mtu yeyote aliyekulia na shamba au bustani akipewa mmea atauchimbia shimo.

Kwa hivyo tayari kulikuwa na zaidi ya kifo kimoja. Anubiasi imekufa kwa kupandwa vibaya. Nyasi zimezidiwa na mwani. Kabomba na ludwigia zimekufa kwa jambo jingine, na hapo ndipo palipohitaji kazi.

Majani ya hewani

Kabla ya maji, kuna jambo moja ambalo wauzaji wangelisema lingeokoa pesa za watu wengi. Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi haikukulia ndani ya maji. Mashamba ya Asia Kusini-Mashariki huikuza mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa nje, kwani hivyo hukua haraka na mwani hauipati. Jani la hewani lina utando wa nta na vitundu vya kupumulia. Jani la majini ni jembamba, halina haja ya vitu hivyo. Ukiuzamisha mmea ule, majani ya zamani hayawezi kugeuka. Yatakufa, na mmea utatoa mengine mapya yanayofaa.

Maana yake ni kwamba mmea mzima kabisa unaweza kuonekana unakufa kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Ami alikuwa akiona majani ya chini yanaoza, anang'oa, anatupa, anakwenda dukani. Nilipomuuliza kama aliwahi kutazama ncha, akasema alikuwa akitazama uozo. Ni kawaida. Jicho huenda kwenye kilichoharibika. Lakini majani ya chini hayatoi habari yoyote ya maana katika wiki hizo. Habari iko kwenye kikonyo cha juu. Kikitoa jani jipya, hata dogo, uache.

Hili peke yake lingeweza kueleza rotala, iliyong'olewa mapema. Kabomba haliielezi, kwa sababu kabomba ilipewa muda ikafa hadi ncha.

Maji yatoka wapi

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hayafiki kila nyumba kila siku, kwa hiyo majumba mengi yana kisima. La Ami lina kisima, pampu, na tangi jeusi la plastiki juu ya paa. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mitungi. Ya kuogea, kufulia na ya samaki hutoka kisimani.

Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe wa kale, uliokuwa chini ya bahari ukabaki juu. Kisima kinachimbwa ndani ya chokaa, na bahari imekizunguka. Maji yake basi hubeba chokaa iliyoyeyuka, na kutegemea mahali na msimu, chumvi pia. Nilitia karatasi za kupimia. Ya ugumu wa maji ilifika rangi ya mwisho kabisa, yaani kipimo kimeishia hapo bila maji kuishia hapo. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa 8 na kitu. Kipima chumvi kilivuka 1,000. Nilipojaribu maji ya mfereji kutoka kwa jirani hayakufika nusu yake.

Joto nalo. Saa tisa alasiri tangi lilikuwa na nyuzi 31. Alfajiri, nyuzi 29. Maji ya tangi la paa, ukifungua bomba mchana, ni ya moto kuliko hayo.

Sasa unganisha. Mmea hujenga mwili wake kwa kaboni. Hewani kaboni dioksaidi hulifikia jani upesi. Ndani ya maji gesi hiyo husafiri kwa taratibu mno, kama mara 10,000 polepole zaidi. Maji yaliyoachwa yenyewe, bila mtungi wa gesi, hubaki na takriban nusu miligramu tu kwa lita. Joto likipanda, gesi inayoshikika hupungua, huku mmea wenyewe ukihitaji chakula zaidi kwa kuwa unapumua kwa kasi. Na pH ikivuka 8, karibu kaboni yote iliyomo imo katika umbo la baikaboneti, si gesi huru.

Hapo ndipo mimea inapogawanyika makundi mawili, na mgao huu ndio ufunguo wa kisa chote. Ipo inayoweza kutumia baikaboneti: valisneria, honiwoti, hidrila, egeria. Hii imezoea maziwa na mito yenye maji magumu, ina njia yake ya kuivunja na kuitoa kaboni. Ipo isiyoweza, inayosubiri gesi huru tu. Kabomba ni ya kundi la pili. Ludwigia na rotala nazo hunawiri pale gesi hiyo inapopatikana. Katika maji ya Ami, kabomba ilikaa mezani imezungukwa na chakula isichoweza kukila.

Na yale majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani? Huo ni upungufu wa madini ya chuma. Ami alikuwa anatia mbolea yenye chuma. Lakini chuma cha mbolea nyingi za bei nafuu kimefungwa kwa kiambata kinachoachia pH ikipanda juu ya 7. Kikishaachiwa, chuma hugeuka kutu laini na kuzama. Anatia, kinaingia, na mmea haukipati.

Dawa juu ya dawa

Kabati chini ya tangi lilikuwa na chupa nyingi kuliko nilizotarajia. Sitaeleza zote. Tatu zina maana hapa.

Ya kwanza ni mbolea ya maji. Mmea ukidhoofu alizidisha kipimo. Mmea usiokula haumalizi mbolea, mwani humalizia. Isitoshe tangi lenye gapi wengi hivyo halina shida ya mbolea. Samaki wenyewe na chakula chao wanatosha kulisha bustani.

Ya pili ni dawa ya kuua mwani, inayouzwa pia kama “kaboni ya chupa”. Ndani yake mna glutaraldehaidi, kemikali ambayo hospitali hutumia kuua vijidudu kwenye vifaa. Kwa kipimo kidogo inaweza kupunguza aina fulani za mwani. Lakini valisneria, ule mmea ambao ungeyafaa maji haya kuliko yote, mara nyingi hauvumilii dawa hii, huyeyuka. Na kumbe Ami aliwahi kupewa mche wa valisneria na rafiki yake wa Kisauni. Ulikufa kwa siku chache. Tangu hapo akauandika katika orodha ya mimea isiyowezekana. Dawa yake ndiyo iliyouua mmea pekee uliokuwa na nafasi.

Ya tatu ni hamira. Mtu alimfundisha kutengeneza gesi ya kaboni nyumbani: chupa ya soda ya lita mbili, sukari, maji, hamira, na bomba jembamba hadi kwenye tangi. Njia hii ni ya kweli, hufanya kazi. Mahali pa baridi huenda polepole kwa wiki kadhaa. Kwa joto la Mombasa huchachuka kwa fujo siku za mwanzo, kisha hukata. Chupa moja ilipanda povu mpaka likaingia ndani ya tangi.

Hatari yake kubwa ni usiku. Chupa ya hamira haina swichi. Taa ikizimwa, mimea huacha kutumia gesi ile na kutoa oksijeni, ikabaki kuivuta tu kama samaki. Maji ya nyuzi 30 hushika kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 20 hushika takriban 9. Ami alipoamka kwa ajili ya swala ya alfajiri aliwakuta gapi wote juu, midomo nje ya maji. Aliwahi kuwasha pampu ya hewa, wakapona. Stima ingekuwa imepotea alfajiri ile, hadithi ingekuwa nyingine.

Mchanga mweupe

Jambo lililonipa picha kamili lilikuwa ni maelezo ya Ami mwenyewe, tena aliyatoa njiani tu. Masika yaliyopita alikinga maji ya mvua kwenye mapipa akayatia tangini, maana alisikia ni laini. Duka likampimia, kweli yamelainika. Baada ya wiki kadhaa akayapeleka tena: magumu kama zamani. Akaona mvua haina faida.

Nikaomba siki jikoni. Nikachota kijiko cha mchanga wa tangini, nikausuuza, nikautandaza kwenye kisahani na kudondosha siki juu yake. Ukatoa povu pale pale, ukawa unachemka pembeni hadi katikati, na punje ndogo zikawa zinaruka. Mama mwenye nyumba akauliza kama mchanga una sabuni.

Mchanga ule ulitoka ufuoni, upande wa Nyali. Mweupe, mzuri, wa bure. Ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi, yaani chokaa tupu. Juu yake palikuwa na vipande vya matumbawe na simbi alizoziweka mjukuu. Sasa, mchanga wa chokaa ndani ya maji ya kisima ambayo tayari yamejaa chokaa haufanyi kitu kikubwa, maji yameshashiba. Lakini tia maji laini ya mvua, na mchanga utayarudisha yalikokuwa. Tia gesi ya hamira, na gesi itageuka asidi dhaifu, itaula mchanga, na itaishia kuwa baikaboneti. Ami alikuwa ananunua sukari ili kuyeyusha ufuo.

Hili ndilo linalokatisha tamaa katika mimea ya majini kuliko lolote. Kila dawa aliyoitumia ina mahali ambapo inafaa. Ndani ya tangi hili kila moja iliingia mgongoni mwa nyingine.

Taa ya wageni

Hapa sikai sana. Dirisha la mashariki liliingiza jua la moja kwa moja tangu macheo hadi saa nne. Kisha taa ya tangi iliwashwa baada ya Magharibi, kwa sababu huo ndio wakati wageni huja na tangi hutazamwa, ikazimwa saa tano au baadaye. Mwani ulikuwa na mwanga wa kutosha mchana na usiku. Mmea usio na kaboni hauwezi kuutumia mwanga wa ziada; mwani unaweza.

Uamuzi

Wengi wangeanza kwa kutoa mchanga, kununua mashine ya kuchuja chumvi, na kuyajenga maji upya. Rafiki yangu mmoja mwenye tangi kubwa alinishauri hivyo hivyo. Maji yaliyochujwa yanauzwa kila mtaa Mombasa, mtungi wa lita 20, na tangi hili lingetaka mitungi miwili kila Ijumaa. Inawezekana. Lakini siku mzee yuko hospitali, au mwenye mkokoteni hakuja, kijana wa nyumba atafungua bomba la kisima, na mimea iliyozoea maji laini itaanguka yote. Sipendi mfumo unaomtaka mtu asikosee hata wiki moja.

Pia Mombasa tayari ina somo lake juu ya mimea na chokaa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mwamba huu huu wa matumbawe tangu miaka ya 1950, kikaacha mashimo meupe yasiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti mle. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu zilisalimika, na mvinje ndio uliobeba kazi. Hakuubadili mwamba kwanza. Alitafuta mti unaouvumilia, na majani yake yakaanza kutengeneza udongo. Leo pale ni msitu ambao watu hulipa kuingia kutazama twiga.

Nikamwambia Ami tuache maji yalivyo na mchanga ulivyo, tubadili orodha ya mimea. Alifurahi juu ya mchanga. Juu ya orodha hakufurahi, kwani ilikuwa kijani tupu.

Tulianza kwa kutofanya kitu. Chupa zote zikafungiwa, hamira ikarudi jikoni. Maji yakabadilishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili glutaraldehaidi na mbolea vipungue, kwa maji ya kisima yaliyokaa ndooni usiku mzima yakapoa. Kadi ngumu ikawekwa nyuma ya tangi na pazia zito dirishani. Taa ikafungwa kwenye saa ya kuwashia yenyewe: saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Ni muda wa saa nane kwa jumla, na wageni wanaliona tangi vile vile. Sehemu hii ya mpango ndiyo iliyopokelewa vizuri zaidi nyumbani.

Kisha mimea. Honiwoti kwanza, kwa wingi, ikiachwa ielee. Haina mizizi, haihitaji udongo, hula baikaboneti na kunyonya uchafu wa samaki kwa pupa. Huota yenyewe katika maziwa yetu, Victoria na Naivasha. Kazi yake ilikuwa kuunyang'anya mwani chakula. Ya pili, valisneria. Mchanga wa ufuoni hauna chakula cha mizizi, kwa hiyo tulitumia vyungu vidogo vya udongo, tukavijaza udongo mwekundu wa bara la pwani, upande wa Kwale, uliopepetwa na kulowekwa, na juu yake changarawe ili usitifuke. Udongo ule una chuma, na ndani ya chungu, kusikofika hewa, chuma hicho hubaki katika umbo ambalo mzizi unaweza kuchukua. Ni njia nafuu kuliko chupa yoyote.

Ya tatu, anubiasi mpya na kangaga la Java, vyote vikafungwa kwa uzi kwenye gogo. Si kuzikwa. Ami alifunga mwenyewe kwa fundo la mabaharia ambalo mpaka leo sijaweza kulifungua. Mwisho kriptokorine moja, kwenye chungu.

Yaliyofuata

Honiwoti ilimwaga sindano zake wiki ya kwanza, filta ikaziba, na Ami akapiga simu kuniambia ni kabomba nyingine. Tulitazama ncha. Ilikuwa ikikua. Mwezi haukuisha akawa anapunguza nusu yake kila Ijumaa. Nilimsihi asiitupe mtaroni. Gugu maji la Ziwa Victoria, lililoanza kuonekana upande wetu karibu na 1990, ni mmea wa mapambo uliotoka mikononi mwa watu. Yeye huianika juani ikakauka kabisa, kisha huitia kwenye vyungu vya asumini.

Valisneria ilipoteza majani yote ya nje ikabaki vijiti vifupi. Kisha ikatuma vikonyo juu ya mchanga, na kila kikonyo kikaota mche. Baadhi ya miche hiyo imejishikilia kwenye mchanga mweupe bila chungu. Sikutarajia, ingawa nadhani uchafu wa samaki umeshaupa mchanga ule rutuba.

Kriptokorine iliyeyuka mpaka chini. Hii ni tabia yake inayojulikana, hufanya hivyo ikihamishwa. Kilichobaki ni mzizi kwenye chungu. Siku hiyo Ami alikuwa ameshaushika.

“Niache chungu kitupu sebuleni kwangu?”

“Kiache, Ami. Kitazame tu.”

Alikiacha kwa shingo upande. Ilirudi na majani madogo ya kahawia, na sasa inajaza chungu.

Anubiasi hutoa jani moja baada ya wiki nyingi, na kingo za majani ya zamani zimeota mwani mweusi wa ndevu. Mwani huu haujaisha. Umeng'ang'ania pia kwenye mdomo wa filta. Dawa ya kuumaliza ni ile tuliyoifungia, na siwezi kuirudisha pasipo kuiweka valisneria hatarini. Tunakata jani lililozidiwa, basi. Moli huchokoa mwani laini wa kijani siku nzima, na hao maji magumu yenye chumvi kidogo ndiyo wanayoyapenda. Samaki wa kunyonya vioo alikuwa akikwangua majani usiku. Amehamishiwa kwa mtu mwenye tangi lisilo na mimea.

Joto halikubadilika. Januari hadi Machi tangi hufika nyuzi 32 mchana. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huteremsha nyuzi mbili hivi kwa kuyafanya yavukize, lakini kadiri maji yanavyovukiza ndivyo chumvi inavyobaki na kuongezeka, kwa hiyo kilichopungua hujaziwa kwa maji ya mfereji au ya mvua, kamwe si ya kisima. Hii ndiyo kazi pekee ya mapipa ya masika kwa sasa. Na stima ikipotea usiku, Ami ana pampu ya hewa ya betri iliyoning'inizwa kwenye msumari ubavuni mwa kabati.

Limebaki dai la rangi nyekundu. Ludwigia nimeikataa. Nilichokubali ni yungiyungi jekundu la Afrika Magharibi, linalouzwa likiwa kama kitunguu kidogo. Hupenda joto, huvumilia maji magumu, na likipata udongo mwekundu chunguni hutoa majani mapana yenye rangi ya damu ya mzee. Sharti lake ni moja: majani yanayokimbilia juu ya maji yakatwe kila yakitokea, la sivyo litafunika uso wote na kuziua valisneria kwa kivuli. Ami anataka mawili. Kwa tangi la futi tatu, moja linatosha na kubaki.